Kanzu ya Salimu na Mwanga wa Magharibi

Msiniulize tena kama ni kweli nilikuwa napima jua. Kila kijana anayeingia hapa, akishamaliza shikamoo yake na kuvuta kigoda, swali ni hilo hilo: "Babu, wanasema enzi ya Mjerumani ulikuwa unapima jua?" Jua linapimwa na nani? Jua liko pale, hata kuku analijua. Sisi tulipima mbingu. Tulitafuta mwanga umekaaje huko juu: upande gani umejaa, upande gani umepungua, utosini pakoje, chini karibu na vilima pakoje. Kazi hiyo ndiyo iliyonilisha, na ndiyo iliyonifunga donge la roho ambalo mpaka leo halijayeyuka.

Nasema "sisi" kwa sababu tulikuwa wawili. Mimi Mlewa, Mgogo wa upande wa Mvumi, na mwenzangu Salimu, Mrangi wa Kondoa. Nitamtaja sana huyu Salimu. Mnivumilie, maana kumtaja kwenyewe kunaniuma.

Dodoma ya siku zile msiifananishe na hii mnayotembea ninyi. Reli ilikuwa imefika, na kila mtu alikuwa anajenga: stesheni, maghala, maduka ya Wahindi, nyumba za Wazungu. Alikuwepo Mjerumani mmoja fundi wa majengo, mnene, mwekundu shingoni, ambaye sisi tulimwita Bwana Madirisha. Alikuwa na neno moja tu mdomoni. Alisema wenzake wanajenga Dodoma kana kwamba wako kwao, kwenye mbingu ya mawingu, halafu wakiingia ndani wanaokwa kama mikate. Yeye alitaka kwanza ajue mbingu ya hapa inatoa mwanga kiasi gani kila upande, ndipo aseme dirisha liwe pana au jembamba, litazame mashariki, Ihumwa, au litazame machweo.

Chombo chenyewe kilikuwa sanduku dogo la mbao, ndani limepakwa masizi, mbele lina mdomo wa kuingiza mwanga. Ndani unaweka kipande cha karatasi yenye dawa. Karatasi hiyo ikipata mwanga inageuka rangi pole pole mpaka inakuwa ya kahawia. Pembeni yake imebandikwa kadi ya kahawia isiyobadilika. Unaelekeza mdomo wa sanduku kwenye kipande cha mbingu ulichopangiwa, unafungua kifuniko, unachungulia kwenye tundu la ubavuni, na unangoja karatasi ifanane na kadi, saa iko mkononi. Ikifanana upesi, pale mbinguni pana mwanga mwingi. Ikikawia, mwanga ni haba. Basi. Mnaweza kucheka, lakini jaribuni ninyi kusema lini kahawia hii imekuwa sawa na kahawia ile, jicho linatoka machozi na upepo wa Dodoma unakujaza vumbi puani.

Mimi nilipata kazi ile kwa ajili ya ng'ombe. Bwana Madirisha alikuwa ameita watu wengi akawaonyesha kadi yake, akawauliza ni rangi gani. Wengine walisema nyekundu, wengine nyeusi kidogo, mmoja akasema rangi ya serikali. Mimi nikamwambia, "Bwana, hii ni ndama mwekundu aliyenyeshewa, sehemu ya mgongoni, kabla hajakauka." Mtoto wa Kigogo anazijua rangi za ng'ombe kabla hajajua majina ya shangazi zake. Mzungu alicheka mpaka akakohoa, akasema, "Wewe kesho njoo."

Kesho yake nilipofika nikamkuta Salimu amekwisha fika.

Sikilizeni, nyota njema huonekana asubuhi, na ya Salimu ilionekana tangu alfajiri. Mrefu, meno meupe, anaongea Kiswahili cha kunyooka alichokichukua kwenye misafara ya asali na nta ya baba yake. Mimi Kiswahili changu kilikuwa cha kuomba maji. Nikifungua mdomo, vibarua wa reli wanacheka. Salimu akifungua mdomo, hata wake za wale vibarua wanasogea. Akanishika mkono, "Mbukwa, mtani wangu!" Amenisalimia kwa Kigogo, siku ya kwanza! Nikamchukia hapo hapo.

Tulipima tukiwa juu ya paa la tembe moja kuukuu upande wa Chang'ombe, kwa kuwa paa la tembe ni la udongo, bapa, na hakuna kinachokukinga usione mbingu yote. Mimi nilipewa mashariki, Salimu magharibi. Bwana mwenyewe alipanda mara moja tu. Alikanyaga katikati ya boriti mbili, mguu ukazama mpaka pajani, na mama mwenye nyumba chini akauona mguu wa Mzungu unaning'inia juu ya chungu chake cha mlenda. Alipiga yowe lililosikika stesheni. Tangu siku hiyo Bwana alikaa chini ofisini kwake, akasema paa ni letu. Likumbukeni jambo hilo, kwamba yeye hakuwa akituona tukifanya kazi.

Kuna mambo ya kazi ninayotaka myajue, hata kama vyombo vyenu vya leo vina vioo na nyaya. Usishike karatasi ya dawa kwa kidole kilichogusa samli, itatoka na madoa na utadhani ni wingu. Mashariki pima kabla treni haijapita Ihumwa, kwa sababu moshi wake unakaa chini kule na unadanganya. Na msiwaamini washairi. Mbingu ya buluu safi, ile baada ya mvua ya kwanza mnayoisifu, ina mwanga haba kuliko mbingu chafu ya kiangazi. Vumbi na utando mwembamba ndivyo vinavyong'aa. Mimi nilibisha jambo hilo msimu mzima. Nilifikiri sanduku langu limeharibika, mpaka Salimu akaniambia, "Funga jicho la kushoto, tazama vizuri, acha kubishana na mbingu." Alisema kweli, na nilimchukia zaidi kwa hilo.

Siku moja bibi mmoja alinisimamisha njiani. "Wewe unayechungulia juu kila siku, mvua umeiona?" Nikasema, "Bado, bibi." Akasema, "Basi unachungulia nini?" Mwaka ule mvua ilikuwa mbovu, na maradhi yalikuwa yamepita kwetu yakasomba ng'ombe wa baba wote. Zizi lilibaki na miiba tu. Mgogo asiye na ng'ombe hana pa kurudi. Baba alikuwa anakaa mlangoni anatazama zizi tupu, na unga wa uwele uliokuwa ukiingia nyumba ile ulitoka kwenye mshahara wangu. Kwa hiyo Bwana Madirisha alipotuita siku moja akasema, "Nyumba ya mganga wa serikali ikiisha, nitabaki na mtu mmoja tu wa kupima. Mmoja. Yule mwenye jicho la kweli," mimi niliwaza unga wa baba. Nikamtazama Salimu. Salimu alikuwa anatabasamu tu, kama mtu aliyealikwa harusini.

Sasa ndipo zilipoanza Ijumaa.

Salimu alikuwa mtu wa dini. Siku nyingine alipanda paani na shuka lake la kazi, jekundu kwa vumbi, lakini Ijumaa alitoka msikitini akaja moja kwa moja, kanzu nyeupe pe, imefuliwa kwa buluu, kofia yake kichwani. Na ikawa kila Ijumaa mwanga wa magharibi unapanda. Bwana Madirisha alipoweka karatasi zake mezani akaona jambo hilo, alifurahi sana. Akaanza kutafuta sababu. Akasema labda Ijumaa wachoma matofali wanapumzika na moshi unapungua. Akasema labda ni upepo. Akampiga Salimu begani mbele ya watu wote. "Huyu! Huyu ana jicho! Anaona hata tofauti ya siku moja na nyingine!" Mimi mashariki yangu ilikuwa ile ile, Jumatatu ile, Ijumaa ile. Akanigeukia akasema, "Mlewa, wewe unalala?"

Vijana, mmewahi kuona mwenzenu anasifiwa na ninyi mmesimama pembeni mmeshika sanduku? Usiku sikulala. Nilimwonea gere Salimu mpaka mate yakawa machungu. Nikawaza, jicho lake si bora kuliko langu. Yeye amelelewa na nyuki, mimi nimelelewa na rangi. Kitu gani anacho nisichonacho? Nikawaza na kuwaza, nikapata jibu. Kanzu! Mzungu anapenda mtu msafi. Ijumaa Salimu anashuka paani anang'aa, Mzungu anatekwa na macho yake, anaona kila alicholeta kizuri.

Nikaenda kwenye baraza la Mhindi, nikamwambia fundi cherehani anishonee kanzu. Mimi, mtoto wa misheni ya Mvumi! Fundi akaniuliza, "Umesilimu?" Nikamwambia, "Shona." Mama aliponiona nayo alishika kiuno. "Mwee! Mlewa, umekuwa jini?" Baba alinitazama kwa jicho lile lile alilolitazamia zizi.

Nikaivaa kila siku. Nilitaka nimpite Salimu, yeye Ijumaa tu, mimi tangu Jumatatu. Na lo! Mashariki ikapanda. Karatasi zilikuwa zinafika kahawia kabla sijatulia vizuri kusimama. Nikajua sasa Mungu wa Mvumi ameniona. Bwana Madirisha akanipiga bega, akasema, "Mlewa ameamka!" Siku hiyo nilitembea mjini kwa maringo, nikapita mara mbili mbele ya Salimu aliyekuwa anakunywa kahawa. Akaniambia, "Mtani, kanzu imekupenda. Lakini kola umeifunga kama kamba ya mbuzi." Watu wakacheka. Nilitamani ardhi immeze yeye.

Kumbe mwanga ule haukutoka mbinguni. Ninyi wenye akili mmekwisha jua. Tundu la kuchungulia liko ubavuni mwa sanduku, na mtu akisogeza jicho, kifua chake kinakaa karibu na tundu. Kifua cheusi au chekundu cha vumbi hakina neno. Kifua cheupe kilichopigwa na jua la mchana kinarusha mwanga wake tunduni, mpaka kwenye karatasi. Tulikuwa tunapima nguo zetu. Kikulacho ki nguoni mwako, na sisi tulikuwa tumekivaa hasa.

Bwana Madirisha akaziamini zile hesabu, za Ijumaa kwa magharibi na zangu kwa mashariki. Nyumba ya mganga ikajengwa na madirisha membamba upande wa mashariki na magharibi, kwani mbingu ya huko, alisema, imejaa mwanga wa kupita kiasi. Kuta zikapanda, paa likaezekwa, mganga akaingia chumba cha kushonea vidonda. Akaita taa. Mchana, jua la Dodoma liko nje linapasua mawe, na mganga anaomba taa. Alitoka pale akipiga kelele kwa lugha yao, na hatukuhitaji mkalimani.

Bwana Madirisha akatuita ofisini, uso umekuwa rangi ya bilinganya. "Kesho asubuhi mtakuja hapa, na mmoja wenu ataniambia kwa nini mbingu imenidanganya. Mwenye jicho la uongo ataondoka. Kama ni wote wawili, wote wawili mtaondoka, na masanduku nitayachoma."

Mimi jioni ile nilikaa na baba mlangoni, sikumwambia. Ningemwambia nini? Alikula uwele wake akaniuliza kama Mzungu ni mzima. Nikasema mzima.

Alfajiri nasikia hodi. Salimu. "Mtani, niazime kanzu yako. Yangu imelowa na leo nasimama mbele ya mkubwa." Mnaona ujasiri wa mtu yule? Nafukuzwa kazi, na yeye anataka nguo yangu ili apendeze! Nilitaka kumfungia mlango. Lakini mama alikuwa nyuma yangu, na mgeni aliyekuja kuomba kwa Mgogo harudi mikono mitupu. Nikampa. Ilikuwa fupi kwake, vifundo vya miguu vilikuwa nje, na hata hivyo, laiti mngemwona, ilimkaa kuliko inavyonikaa mimi. Nikavaa kaniki yangu kuukuu nikamfuata nyuma.

Ofisini Salimu hakungoja kuulizwa. "Bwana, kosa ni langu. Ni hii kanzu." Akamweleza yote, tundu, kifua, jua la mchana. Akachukua sanduku akatoka nalo barazani, akamwonyesha mwenyewe. Bwana Madirisha akachungulia. Salimu akisogea, karatasi inapata mwanga. Akienda mbali, giza linarudi. Mzungu akafunga kifuniko. Kisha akanigeukia mimi. "Na mashariki? Wewe pia una kanzu. Nimekuona nayo."

Nikafungua mdomo. Salimu akawahi, anacheka. "Huyu? Bwana, huyu Mgogo na kanzu yake mpya! Akifika paani anaivua, anaikunja, anaiweka kwenye kivuli, anapima na kaniki. Anaogopa vumbi litaila. Akimaliza anaivaa ndipo anashuka kwako. Kanzu yangu ndiyo iliyoharibu masanduku yote mawili, maana siku nyingine mimi nikimaliza upande wangu naivaa, nasimama karibu naye, namwiga huyu kwa maringo."

Karani akacheka. Boi wa chai akacheka. Hata Bwana Madirisha, pamoja na hasira yake, midomo ilimcheza. Mimi nilisimama pale na kaniki yangu, masikio yanawaka, nikimtazama mtu amesimama ndani ya kanzu yangu akinifanya kichekesho mbele ya Mzungu. Nikasema moyoni, hata leo! Hata siku anayofukuzwa lazima anishinde!

Salimu akaambiwa achukue vitu vyake. Mimi nikaambiwa kesho nianze upya, pande zote, mbingu nzima. Jicho la kweli.

Nilifurahi. Sitawadanganya, nilirudi nyumbani nikiimba. Nikamwambia baba kazi imebaki kwetu, na baba kwa mara ya kwanza tangu zizi liwe tupu aliniuliza habari za mbingu.

Jioni Salimu akaja kuniaga, kanzu yangu imefuliwa, imekunjwa. Akanipa pamoja na kibuyu cha asali kwa ajili ya mama. Akasema, "Hii vaa sokoni. Paani usipande nayo tena, umesikia? Umenifanya niseme uongo mkubwa mchana kweupe, na mimi ni mtu wa swala."

Nikaweka kibuyu chini. "Ulijua?"

"Nilijua tangu wiki ya kwanza ulipoivaa. Nilichungulia tundu lako ukiwa umekwenda kunywa maji, kisha ukarudi ukasimama. Ndipo nikajua na Ijumaa zangu zilikuwa uongo mtupu. Nilikuwa natafuta njia ya kumwambia Mzungu, nikakawia, kuta zikanitangulia."

"Kwa nini hukunisema?"

"Tungetoka wote wawili, masanduku yangechomwa, faida iko wapi? Mimi nikirudi Kondoa, mizinga ya baba imejaa. Wewe ukirudi kwenu kuna nini, Mlewa?" Alisema taratibu, bila utani. Halafu akakumbuka kwamba ni mtani wangu, akaongeza, "Na kola ujifunze kufunga." Akaondoka na wafanyabiashara wa nta waliokuwa wanaelekea kaskazini.

Nilipima mbingu ya Dodoma peke yangu mpaka vita ikaja ikamchukua Bwana Madirisha. Walipokuja wenye bendera nyingine nikapima mvua yao na upepo wao, mpaka macho yakachoka. Wadogo zangu walikua kwa mshahara ule. Baba alikufa zizi likiwa na ng'ombe tena. Watu wa Mvumi walizoea kunionyesha kidole: yule ndiye mwenye jicho la kweli, Mzungu mwenyewe alisema. Nami nainamisha kichwa, naitikia.

Na Salimu? Wanaotoka Kondoa wanamsifu kwa asali yake. Wanasema hajawahi kuchanganya na maji, wanasema mizani yake haina hila. Husifiwa hivyo hapa hapa kibarazani kwangu, nami nanyamaza, kwa sababu nikifungua mdomo nikasema lile ninalolijua mimi, atasifiwa mara mbili. Alikuwa na urefu, alikuwa na ulimi, alikuwa na magharibi. Mimi nilikuwa na jicho tu, na hilo nalo nimelipata kwake. Wema ungekuwa wangu, angalau wema, lakini huko nako alitangulia.

Sasa mmejua. Nendeni Kondoa mkipenda, mkamwone, bado yu hai; mpeni shikamoo, mpeni sifa zake zote, anazistahili. Lakini msizitoe mbele yangu.